Mumunye na Fedha: Historia ya Vyombo vya Meza Chini ya Mlima Kenya

Vyombo vya kulia na kunywea vya miteremko ya Mlima Kenya vilitoka shambani. Mmumunye, mmea utambaao ambao wataalamu huuita Lagenaria siceraria, ulipandwa pembeni mwa boma, ukaachwa ukwee uani au juu ya mti, na matunda yake yalipokauka yakawa vibuyu vya maji, vya uji, vya maziwa na vya pombe. Ufaransa nako, katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa fedha waliianza kazi kutoka upande wa pili: walichukua madini wakayapa umbo la jani, la ua na la tunda ili yapendeze mezani. Ufundi huo wa aina mbili ulikutana Nyeri na katika miji jirani ya Karatina na Nanyuki mwanzoni mwa karne ya 20, na matokeo ya kukutana huko yanaonekana hadi leo katika kila jiko la eneo hilo.

Asili ya mmumunye ni Afrika, nao ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kulimwa na binadamu. Ushahidi mmoja mzuri umepatikana ng'ambo ya pili ya milima ya Nyandarua ukitokea Nyeri, katika Pango la Mto Njoro karibu na Nakuru. Mary na Louis Leakey walilichimba pango hilo mwaka 1938 wakakuta makaburi ya watu waliochomwa baada ya kufa. Pamoja na mifupa palikuwa na bakuli za mawe, shanga, chombo cha mti kilichochongwa nakshi, na vibuyu vilivyogeuka mkaa. Kwa kawaida kibuyu huoza kikapotea bila alama yoyote. Moto wa mazishi ndio uliovihifadhi vile vya Njoro kwa takriban miaka 3,000. Wenye vibuyu hivyo walikuwa wafugaji walioishi Bonde la Ufa zamani sana kabla ya Wakikuyu kukaa Nyeri, kwa hiyo ufundi huu ni mkongwe kuliko kabila lolote linalojulikana leo katika nchi hiyo.

Kutengeneza kibuyu kulianza tunda lingali changa. Tunda lililoachwa lilale chini lilipata kitako bapa na kusimama lenyewe, ilhali lililoning'inia kwenye tawi lilinyoosha shingo kwa uzito wake. Mkulima aliyetaka shingo nyembamba au kiuno katikati alilifunga tunda kwa kamba ya gome na kuliacha likue kulizunguka fundo. Umbo la chombo, basi, liliamuliwa mmea ungali hai, na aliyeliamua mara nyingi alikuwa mwanamke mwenye shamba. Tunda halikuchumwa kabla ya kikonyo kukauka, kwa sababu gome la tunda bichi hujikunja na kupasuka. Baada ya hapo lilitobolewa mdomo, likajazwa maji na kuachwa siku nyingi hadi nyama ya ndani ilipooza, kisha likakwanguliwa kwa kijiti na kusukwasukwa kwa changarawe. Uchungu wa mumunye ni mkali, na kibuyu kipya kilioshwa tena na tena kabla ya kutiwa chakula.

Kwa Kikikuyu kibuyu kikubwa huitwa kĩnya. Ndani ya nyumba ya mwanamke palikuwa na vibuyu vya kazi mbalimbali, kila kimoja na pahali pake: cha maji, kilichobebwa mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, cha uji, ambao ulichachushwa na kumiminiwa wageni, cha mafuta, cha mbegu za msimu ujao. Vibuyu vidogo vilivyopasuliwa nusu kwa urefu vilikuwa kata na bakuli. Chakula kizito, kama vile mahindi na maharagwe au ndizi zilizopondwa, kilipikwa katika chungu cha udongo kilichofinyangwa na wanawake, kikapakuliwa kwa mwiko. Nyama ya kuchoma iliwekwa juu ya majani mabichi, hasa ya mgomba, na baada ya kula sahani hiyo ilirudi shambani kuwa mbolea. Kwa kifupi, nyumba nzima ilikula na kunywa kutoka kwenye vitu vilivyoota au kufinyangwa karibu na mlango wake. Chuma kilikuwapo, kwa kuwa wahunzi wa Kikuyu waliyeyusha mchanga wenye chuma, lakini kilikwenda kwenye panga, mikuki na mapambo. Hapakuwa na haja ya kukipeleka mezani.

Kibuyu kilipopata ufa hakikutupwa. Pande mbili za ufa zilitobolewa vitundu kwa msumari wa moto, zikashonwa kwa uzi wa gome, na mshono ukazibwa. Wako wazee waliothamini zaidi kibuyu chenye mshono, kwa maana kilikwisha kuzoea pombe ya nyumba ile. Pombe yenyewe, ijulikanayo kwa jina la tunda linaloichachusha, mũratina, ilihitaji kibuyu, kwa kuwa chombo kingine hakikuweza kuifanya kazi yake. Maji ya miwa au asali yalitiwa katika kibuyu kikubwa pamoja na tunda lililokaushwa la mti ambao wataalamu huuita Kigelia africana, kikawekwa karibu na moto kupata joto la kadiri. Gome la kibuyu hupumua kidogo, hulinda joto, na hubeba chachu kutoka pombe moja hadi nyingine. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, alieleza maombi ya mvua ambamo watoto wawili walitangulia msafara wakibeba vibuyu vidogo, kimoja cha maziwa na kimoja cha pombe ya asali.

Vibuyu vilikuwa bidhaa pia. Kaskazini mwa Nyeri, kwenye nyanda za Laikipia, waliishi Wamaasai ambao hawakulima lakini walihitaji vibuyu vya maziwa kuliko jirani yao yeyote. Wanawake wa Kikuyu walivuka mpaka wakiwa na nafaka, tumbaku na vibuyu, wakarudi na ngozi na mifugo, hata nyakati ambazo wanaume wa pande hizo mbili walikuwa vitani. Wamaasai walivisafisha vibuyu hivyo kwa makaa ya mzeituni mwitu, ambayo huua vijidudu na kuyapa maziwa harufu ya moshi. Biashara hii ilivunjwa na serikali ya kikoloni. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai waliondolewa Laikipia kwa nguvu kuwapisha walowezi wa Kizungu, na wakulima wa vibuyu wa Nyeri wakapoteza soko lao la karibu zaidi. Ni pigo ambalo halitajwi sana, ingawa lilitangulia kwa miaka mingi sufuria za viwandani zilizokuja kukiondoa kibuyu jikoni.

Kibuyu kimoja kilipita kazi ya kula na kunywa. Gĩcandĩ kilikuwa kibuyu kilichotiwa mbegu za kulia kama manyanga, na juu ya gome lake zilichongwa alama zilizomkumbusha mwimbaji beti za shairi refu la mafumbo. Waimbaji wawili walishindana sokoni mbele ya watu, mmoja akitega na mwingine akitegua, na aliyeshindwa aliweza kunyang'anywa kibuyu chake. Mapadri wa Consolata wa Nyeri walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaandika haya. C. Cagnolo alichapisha kitabu chake juu ya Wakikuyu kwenye matbaa ya misheni ya Nyeri mwaka 1933, na Vittorio Merlo Pick akatoa mkusanyiko wa vitendawili na gĩcandĩ mwaka 1973. Baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mwimbaji wa gĩcandĩ kazi ya kusimulia riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980, na mtaalamu Kĩmani Njogu akauchambua ushairi huo kwa kina.

Upande wa pili wa historia hii, Ufaransa, chombo cha meza cha tabaka la juu kilikuwa cha fedha tupu. Kiliweza kuyeyushwa kuwa sarafu wakati wowote, na ndivyo kilivyoangamia. Mwaka 1689 mfalme Louis XIV aliamuru vyombo na samani za fedha za Versailles ziyeyushwe kulipia vita, na wakuu wake wakalazimika kufuata. Vita vya karne iliyofuata na Mapinduzi ya 1789 vilimaliza sehemu kubwa ya vilivyobaki. Ndiyo sababu kazi nyingi bora za Wafaransa wa enzi hiyo ziko nje ya Ufaransa. Za François-Thomas Germain, kwa mfano, zimesalia Lisbon kwa kuwa alizitengenezea jumba la kifalme la Ureno. Yeye na baba yake Thomas Germain walikuwa mabingwa wa mtindo uliolipenda shamba la mboga: bakuli la supu lenye kifuniko cha koliflawa na atichoki za fedha, kinara cha mshumaa kilichojisokota kama shina, mpini ulioota majani. Mtu aliyeketi mezani aliona nje ya bakuli kile alichotarajia kukikuta ndani.

Mtindo huo haukubaki Paris. Louis XIV alipofuta mwaka 1685 amri iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, maelfu yao walikimbia, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa fedha waliohamia London. Paul de Lamerie, mwana wa wakimbizi hao, akawa fundi mashuhuri kuliko wote Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Kwa njia hiyo majani, mizabibu na maua ya Kifaransa yaliingia katika fedha ya Kiingereza, na kutoka hapo yakaenda kila koloni lililofunguliwa na Uingereza.

Hata hivyo vyombo vya fedha visingefika Nyeri kwa wingi bila umeme. Mwaka 1840 George na Henry Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kupaka fedha kwa mkondo wa umeme, na Henri de Ruolz alikuwa akifanya kazi kama hiyo Ufaransa. Charles Christofle, sonara wa Paris, alinunua haki zao mwaka 1842 na kuanza kutengeneza vyombo vya kupakwa kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Chombo kilifuliwa kwanza kwa madini ya bei nafuu, ama shaba ya manjano ama mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki ambao Wafaransa Maillot na Chorier waliubuni Lyon. Kikasafishwa mafuta yote, kikaning'inizwa ndani ya beseni la maji yenye chumvi ya fedha na sianidi ya potasiamu, mkabala na bamba la fedha safi. Umeme ulipopitishwa, fedha iling'oka kwenye bamba chembe kwa chembe ikaganda juu ya chombo. Mnunuzi alipimiwa unene kwa uzito. Namba 84 iliyogongwa kwenye vijiko na uma vya Kifaransa ina maana ya gramu 84 za fedha zilizoganda juu ya dazeni moja ya vijiko na dazeni moja ya uma. Alama ya fundi nayo hutofautisha: kwenye fedha tupu huwa ndani ya umbo la almasi, kwenye fedha ya kupakwa huwa ndani ya mraba, ili asidanganywe mtu.

Umeme ule ule ulifungua mlango wa pili. Kitu kisichopitisha umeme, kama jani, kikipakwa unga wa grafiti na kutumbukizwa kwenye beseni la shaba, hufunikwa na ngozi ya madini inayofuata kila mshipa wake. Kampuni ya Christofle, chini ya mhandisi Henri Bouilhet, mpwa wa mwanzilishi, iliukuza ufundi huu wa kunakili kwa umeme. Fundi hakulazimika tena kuliiga jani kwa jicho na patasi, kwa sababu jani lenyewe liliweza kuwa kalibu.

Napoleon III alikubali kuweka vyombo vya kupakwa kwenye meza ya dola, jambo ambalo mfalme wa zamani asingelikubali. Pambo kubwa la meza ya watu 100 alilomwagiza Christofle lilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1855, na vipande vyake vilivyookolewa kwenye moto wa ikulu ya Tuileries mwaka 1871 vimehifadhiwa Paris. Mwaka 1867 padri wa kijiji cha Ercuis, kaskazini mwa Paris, alianzisha karakana ya kupaka fedha ambayo jina lake bado liko sokoni. Kufikia mwisho wa karne, mimea ilirudi kwa nguvu mpya. Eugène Grasset alitoa mwaka 1896 kitabu cha picha kilichowafundisha wachoraji kulitoa pambo moja kwa moja kutoka kwenye mmea halisi, na Émile Gallé wa Nancy akaitanguliza mbigili, nembo ya mji wake, katika vioo na samani. Vyombo vya meza vya wakati huo vimejaa yungiyungi, mlimbo na mashina yaliyopinda, na vingi vimesalia kwa sababu moja ya kawaida kabisa: fedha iliyo juu yake ni kidogo mno kumlipa mtu wa kuviyeyusha.

Boma la Waingereza la Nyeri lilianzishwa Desemba 1902 baada ya shambulio la kijeshi dhidi ya watu wa Tetu, ambamo afisa wa jeshi Richard Meinertzhagen alishiriki na watu wengi wakauawa. Mwaka huo huo mapadri wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, na muda mfupi baadaye wakahamia Nyeri, ambayo ikawa makao ya askofu wao Filippo Perlo. Altare zao ndizo zilizowaonyesha Wakikuyu wengi fedha yenye mimea kwa mara ya kwanza. Kikombe cha misa cha Kikatoliki hupambwa kwa desturi mashada ya zabibu na masuke ya ngano, kwa sababu divai na mkate hutokana nayo, na ndani yake hupakwa dhahabu. Zabibu na ngano hazikuwa mimea ya Nyeri wakati huo. Waumini waliijua mimea hiyo kwa kuiona ikiwa imechongwa kabla ya kuiona ikiota.

Kati ya 1906 na 1908 William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi karibu na Nyeri, wakaandika juu ya ufinyanzi, uhunzi na vyombo vya nyumbani vya Wakikuyu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1910. Thamani yake kwa historia hii ni wakati wake: kinaonyesha nyumba za Nyeri vyombo vya viwandani vilipokuwa ndiyo kwanza vinaingia, na kwa sehemu kubwa vitu vilivyoelezwa vilikuwa bado vya mmea, udongo na ngozi.

Meza ya walowezi ilikuja na reli, hoteli na watumishi. Hoteli ya White Rhino ilikuwapo mjini Nyeri kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi askari wa Kizungu uliwaleta wengi Nanyuki na Laikipia, na reli ikafika Nanyuki mwaka 1930. Eric Sherbrooke Walker na mkewe Lady Bettie walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928. Mwaka 1932 wakajenga Treetops ndani ya msitu wa Aberdare, nyumba ya wageni juu ya mti wa mũgumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu kuwa mahali pa sala na sadaka. Vyombo vya kupakwa vilivyotumiwa katika makoloni ya Uingereza vilitoka zaidi Sheffield na Birmingham, vikiwa na herufi nne za EPNS zinazotambulisha mchanganyiko wa nikeli uliopakwa fedha kwa umeme. Lakini mizabibu na majani yaliyochongwa juu yake yalikuwa ya ukoo wa Paris, kwa njia ya wale wakimbizi wa 1685.

Fedha ya kupakwa huchakaa. Gesi za salfa zilizo hewani, pamoja na mayai, huitia weusi, na kila ikisuguliwa hupoteza ukungu mwembamba wa fedha, mpaka madini ya ndani yatokeze kwenye kilele cha jani au ncha ya ua, sehemu zilizoinuka. Kazi hiyo ya kusugua ilifanywa na wanaume wa Kiafrika waliovaa kanzu nyeupe mezani. Walijifunza kupanga uma kushoto na kisu kulia, kushika birika kwa kitambaa, na kutofautisha kijiko cha supu na cha matunda. Mshahara wao wa mwezi haukukaribia bei ya vyombo walivyovitunza. Historia za hoteli hizo huwataja wageni wao wakubwa: Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefia Nyeri mwaka 1941, na Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyelala Treetops usiku wa Februari 1952 ambao baba yake alifariki naye akarithi kiti cha ufalme. Wahudumu waliowaandalia wageni hao meza wanastahili nafasi kubwa zaidi katika historia hizo kuliko waliyopewa.

Mkono wa Mfaransa uligusa eneo hilo moja kwa moja Nanyuki. Rubani Gabriel Prud'homme na tajiri wa Kimarekani Rhoda Lewisohn walijenga huko, mwishoni mwa miaka ya 1930, jumba la kifahari waliloliita Mawingo, kwenye mstari wa ikweta na mbele ya kilele cha mlima. Baada ya Vita vya Pili liligeuzwa hoteli, na mwaka 1959 mwigizaji William Holden na wenzake walilinunua wakaanzisha Mount Kenya Safari Club.

Haya yote yalihusu watu wachache. Nyumba za vijijini zilibadilishwa na vitu vingine, kwanza vikombe na bakuli za bati lililopakwa rangi ya kauri, vilivyouzwa katika maduka ya Wahindi ya Nyeri na Karatina, kisha alumini. Kisa cha alumini kinaanzia Paris. Henri Sainte-Claire Deville aligundua mwaka 1854 njia ya kikemia ya kuitoa kwa kiasi cha kutosha, na vipande vyake vilionyeshwa kwenye yale yale Maonyesho ya 1855 pamoja na fedha ya Christofle. Wakati huo ilikuwa ghali mithili ya madini ya thamani, na mafundi wa Paris walitengeneza kwayo vito na mapambo ya meza. Mwaka 1886 Mfaransa Paul Héroult na Mmarekani Charles Hall, kila mmoja peke yake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaporomoka. Mkondo wa umeme uliowapa watu wa tabaka la kati wa Paris fedha yenye maua ndio uliotoa, miaka 40 na ushei baadaye, madini ya sufuria. Sufuria hiyo ilipofika Nyeri ilikiondoa kibuyu jikoni na chungu mafigani.

Chai iliyaharakisha mabadiliko hayo. Kibuyu hustahimili uji wa moto lakini hakiwezi kutelekwa motoni, na chungu cha udongo huchelewa kuchemka na kunywa ladha. Chai ya maziwa na sukari ilihitaji chombo cha kuchemka haraka na kikombe cha kushika mkononi. Kadiri chai ilivyozoeleka kuwa kinywaji cha mgeni badala ya uji, vyombo vyake vilichukua nafasi ya vyombo vya uji. Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, karibu na Karatina, kilifunguliwa kikiwa cha kwanza nchini kusindika chai ya wakulima wadogo, na mmea ambao Waafrika walikuwa wamezuiwa kuulima ukawa zao la nyumbani.

Miaka hiyo ya 1950 ilikuwa pia ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Kuanzia 1954 serikali iliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni 1, wengi wao wa Nyeri, Murang'a na Kiambu, kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na nyumba zao za awali zikachomwa au kubomolewa. Waliruhusiwa kubeba walichoweza. Kibuyu kikubwa cha pombe, chepesi lakini rahisi kuvunjika, hakikuwa kitu cha kukimbilia askari anapoamuru watu watoke. Muhimu zaidi, mmumunye unahitaji ua wa kukwea na mtu wa kuutazama kwa miezi, na katika vijiji vile hapakuwa na ua wala nafasi. Treetops yenyewe iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau Mei 1954, ikajengwa upya ng'ambo ya kinamasi mwaka 1957. Watu waliporudi kwenye mashamba yaliyopimwa upya, pembe za boma zilipandwa kahawa na majani ya ng'ombe, na maji yakachotwa kwa debe, baadaye kwa mtungi wa plastiki.

Leo mafundi wa jua kali huyeyusha na kufua alumini kuukuu kuwa sufuria za harusi zinazotosha kupikia mamia ya watu. Kibuyu kimebaki pale ambapo sufuria haikubaliki. Katika ngurario, sherehe inayokamilisha ndoa ya kimila, mũratina huletwa katika vibuyu na kunywewa kwa pembe, na bwana na bibi harusi hukata kiande, yaani bega la mbuzi, mbele ya wazee. Mahitaji hayo yamewafanya baadhi ya watu kukodisha seti nzima ya vibuyu kwa mwisho wa juma. Vibuyu hivyo havikutoka Nyeri vyote, kwani nchi kavu za Ukambani, ambako mmumunye hauhitaji kushindana na kahawa na chai, zimeendelea kuulima kwa wingi zaidi.

Huko Kitui ndiko kazi muhimu ya kuuokoa mmea huu imefanywa. Kikundi cha wanawake cha Kyanika, kikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mtafiti Yasuyuki Morimoto, kilikusanya mbegu za maumbo mbalimbali pamoja na majina, matumizi na nyimbo za kila moja, kikazipanda upya na kuzigawa. Kazi hiyo ina ugumu wake. Ua la mmumunye ni jeupe, hufunguka jioni na kutembelewa na nondo usiku, kwa hiyo aina mbili zilizopandwa karibu huchanganyika, na mbegu ya kibuyu chenye shingo ndefu inaweza kuzaa tunda la duara. Anayetaka umbo moja lidumu hana budi kuzitenganisha bustani au kulifunga ua kabla ya giza na kulichavusha kwa mkono, kisha achague mbegu za matunda yaliyofanana na mama yake tu, msimu baada ya msimu. Maumbo ambayo wanawake wa Nyeri waliyatunza kwa namna hiyo kabla ya 1954 yanaweza kurudishwa kwa mbegu zilizosalia kwa majirani wao wa Embu, Meru na Ukambani, mradi pawe na mtu wa kuzipanda kwenye ua wake.